Nywila kwenye terminali bila kuacha nyayo: ninavyotumia bw

Kazi yangu ni kusimamia seva. Hazina kioo wala kivinjari; ukiingia unakuta mwanga wa herufi juu ya weusi, basi. Kwa muda mrefu nilikuwa nikifungua simu, nikisoma nywila ya herufi 24 kwenye kioo kidogo na kuicharaza moja moja, huku nikichanganya herufi l na tarakimu 1. Jaribio la tatu likikataa, seva inanifungia nje. Adha hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye `bw`, programu ya Bitwarden (huduma ya kutunza nywila katika sefu moja iliyofungwa kwa nywila kuu) inayoendeshwa kwa amri badala ya kubofya.

Kuisakinisha hakuna hadithi. Pakua zip kutoka tovuti ya Bitwarden yenyewe, toa faili moja liitwalo `bw`, lipe ruhusa ya kuendeshwa, litie kwenye folda iliyomo katika PATH, orodha ya folda ambamo mfumo hutafuta amri. Wenye Mac wana `brew install bitwarden-cli`, wenye snap wana `snap install bw`. Ikiwa akaunti yako iko kwenye seva za Ulaya, au umejijengea seva yako mwenyewe, sema hivyo kabla ya kuingia, kwa sababu ukishaingia haitakubali kubadilishwa:

```
bw config server https://vault.bitwarden.eu
bw login
```

Utaulizwa barua pepe, nywila kuu, na tarakimu za hatua ya pili kama umeiwasha.

Hapa nisimame kidogo. `bw login` na `bw unlock` zote zinakubali uandike nywila kuu palepale, kwenye mstari uleule wa amri. Usithubutu. Mimi nilithubutu, kwa uvivu tu. Siku moja nikiwa nawaonyesha wenzangu wanne skrini yangu, nikabonyeza mshale wa juu kutafuta amri ya jana, ikachomoza nywila yangu kuu, nzima, kwa herufi kubwa za kusomeka kwa mbali. Hakuna aliyesema neno, na ukimya ule ndio ulionijulisha kwamba wote wameisoma. Kila unachocharaza kwenye bash, programu inayopokea amri zako, huishia kwenye `~/.bash_history`, na wakati amri inaendelea, mtu mwingine aliye kwenye mashine hiyohiyo anaweza kuiona kwa `ps`, amri inayoorodhesha programu zinazoendelea. Kwa hiyo mimi hufungua sefu kwa njia moja tu:

```
export BW_SESSION="$(bw unlock --raw)"
```

`bw` itakuuliza nywila kuu, nawe utaichapa bila kuonekana. Itarudisha ufunguo wa muda, mfuatano mrefu wa herufi, nao utaingia moja kwa moja kwenye BW_SESSION bila kupita machoni pa mtu. Ukiendesha `bw unlock` peke yake, ufunguo huo utamwagwa kwenye skrini ili uunakili kwa mkono. Hilo silipendi.

Wageni wengi hudhani kuingia na kufungua ni kitu kimoja. `bw login` inaitambulisha akaunti yako kwa seva. `bw unlock` ndiyo inayofumbua kilichofichwa. Hata skripti inayoingia kwa ufunguo wa API (utambulisho maalumu wa programu), `bw login --apikey`, bado itahitaji nywila kuu ili isome chochote. Ukipotea, `bw status` itakuambia uko wapi: `unauthenticated` hujaingia, `locked` umeingia ila sefu imefungwa, `unlocked` endelea na kazi. Na ufunguo wa muda unajulikana kwenye dirisha lile tu ulilofungulia.

Kabla ya kutafuta kitu, `bw sync`. Programu ya simu hujisasisha yenyewe, hii haifanyi hivyo. Ukibadilisha nywila kwenye simu asubuhi, `bw` itakupa ile ya zamani mchana kutwa bila haya. Unachokihifadhi kwa `bw` chenyewe hupelekwa papo hapo. Kinachosubiri ni kile kilichobadilishwa kwingine.

Kutafuta ni hivi:

```
bw list items --search chelezo | jq -r '.[] | "\(.id)  \(.name)"'
```

Bila `jq`, programu ndogo ya kuchuja data, utamwagiwa JSON yote (data ya kila kitu kwa maandishi), nywila zikiwemo, wazi kabisa. Ndiyo maana naiona `jq` kuwa nusu ya chombo hiki. Amri hapo juu inaonyesha kitambulisho na jina tu, na kitambulisho ndicho unachokitaka. Ukiandika `bw get password chelezo` na una vitu vitatu vyenye neno hilo, itagoma, ikuorodheshee vitambulisho uchague. Kwa mkono si shida. Ndani ya skripti ni balaa: inafanya kazi miezi sita, kisha mtu anaongeza kitu cha pili chenye jina linalofanana, na usiku huo kila kitu kinasimama. Kwenye skripti weka kitambulisho, jina liandike kwenye maelezo ya pembeni kwa ajili ya binadamu.

Nywila yenyewe siitaki kwenye skrini, naitaka kwenye ubao wa kunakilia. Hii iko kwenye `.bashrc` yangu, faili la mipangilio linalosomwa bash inapoanza:

```
nakili() {
  bw get password "$1" | xclip -selection clipboard
  (sleep 30; xclip -selection clipboard < /dev/null) &
}
```

Baada ya sekunde 30 ubao unafutwa. Kwenye Mac tumia `pbcopy`, kwenye Linux inayotumia Wayland `wl-copy`. Ila kama una programu inayotunza historia ya kila ulichonakili, ufutaji huu ni wa kujidanganya. Izime au iambie isiguse vitu kutoka terminali.

Kutengeneza nywila mpya ni kazi nyepesi. `bw generate -ulns --length 24` inatoa herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama. Kwa kitu nitakachokicharaza kwa mkono napendelea `bw generate -p --words 5`, maneno matano ya Kiingereza yanayochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka orodha ya maneno 7,776. Ni marefu lakini vidole haviyalalamikii.

Kuhifadhi ndiko kunakochosha. Hakuna amri fupi ya kusema "weka hiki". Unachukua kiolezo, unakijaza, unakigeuza, unakipeleka:

```
bw get template item \
 | P="$(bw generate -ulns --length 24)" jq '.type=1
     | .name="seva ya chelezo" | .notes=null
     | .login={uris:[],username:"msimamizi",password:env.P,totp:null}' \
 | bw encode | bw create item | jq -r .id
```

Angalia mambo mawili. Nywila inapita kwa `env.P`, haikuandikwa popote kwenye mstari, kwa hiyo historia ya amri inabaki na neno `bw generate` tu. Na ule `jq -r .id` wa mwisho si urembo: `bw create` ikimaliza hukurudishia kitu kizima, pamoja na nywila uliyotoka kuificha kwa jasho. Tena usidanganyike na `bw encode`. Ni base64 tu, njia ya kuandika data kwa herufi nyingine bila ufunguo wowote, mtoto anaweza kuifumbua. Ufichaji wa kweli unafanywa na `bw create` kabla ya kupeleka.

Kubadilisha ni njia hiyohiyo, ila unaanza na `bw get item` na kitambulisho, unagusa `.login.password` pekee, kisha `bw encode | bw edit item` na kitambulisho tena. Ukikosea ukafuta, `bw delete item` huweka kitu kwenye kapu la taka kwa siku 30, na `bw restore item` hukirudisha. Ukiongeza `--permanent`, hakuna kapu.

`bw` si mwepesi. Kila amri inaamsha mtambo mzima, na ukiita mara ishirini ndani ya skripti utakaa ukipiga miayo. Kitu kimoja kikiwa na jina la mtumiaji na nywila, usikiulize mara mbili:

```
K="$(bw get item "$ID")"
U="$(jq -r .login.username <<< "$K")"
N="$(jq -r .login.password <<< "$K")"
```

Usiwaze kukihifadhi kwenye faili ili kuokoa muda zaidi. Nimewahi kukuta kwenye folda ya muda faili la `bw list items` la miezi minane, akaunti zote wazi, na aliyeliweka pale alikuwa mimi.

Mwisho wa kazi ni kufunga, na hapa hakuna atakayekukumbusha. `bw` haina saa ya kujifunga. Ufunguo wa muda unaishi hadi useme `bw lock` au `bw logout`, na kila programu unayoianzisha kutoka dirisha lile inaurithi. Mimi nimeacha kujiamini, nikaongeza mstari huu kwenye `.bashrc`:

```
trap 'bw lock > /dev/null 2>&1' EXIT
```

Nikifunga dirisha lolote la terminali, sefu inafungwa. Inafungwa hata kwa madirisha mengine niliyoyaacha wazi, na huwa nasonya ninapolazimika kuandika nywila kuu upya katikati ya kazi. Mstari bado upo.