Siku 24 na Injili ya Luka: Namna ya Kuipata Furaha ya Krismasi

Wakristo wengi huifikia tarehe 25 Desemba wakiwa wamechoka, nyimbo zinaimbwa lakini roho imekauka. Mara nyingi si kwamba imani imepungua. Furaha ni tunda la Roho (Wagalatia 5:22), na tunda huiva kwa muda wake. Muda huo usipoutenga mapema, shughuli za mwezi zitaumaliza wote.

Injili ya Luka ina sura 24. Soma sura moja kila siku kuanzia tarehe 1 Desemba, nawe utamaliza mkesha wa Krismasi. Luka anafaa kuliko wengine kwa sababu furaha imekifungua na kukifunga kitabu chake: malaika anawaletea wachungaji habari ya "furaha kuu" (2:10), na maneno hayohayo yanarudi mwishoni kabisa, wanafunzi wanaporudi Yerusalemu (24:52).

Tenga dakika 20, saa ileile kila siku. Alfajiri ni bora, kabla hujagusa simu. Ukishafungua ujumbe mmoja tu, akili imeshaondoka. Kama asubuhi una watoto wa kuandaa au zamu ya kazi, chagua saa nyingine, ila usiihamishehamishe. Uwe na Biblia ya karatasi, daftari dogo na kalamu.

Soma kwa sauti, polepole. Sura ya kwanza ina aya 80, ndefu kuliko zote, na wengi hukwama hapo siku ya kwanza tu. Igawe: aya 1–38 asubuhi, 39–80 jioni. Ukimaliza sura ya siku, chagua aya moja, iandike kwa mkono, kisha igeuze kuwa sala ya sentensi mbili au tatu.

Hapa kwenye sala ndipo penye kazi. Tuseme ni tarehe 15, umefika kwa kondoo aliyepotea. Ukiandika "Asante Mungu kwa upendo wako", umeandika kitu ambacho ungeweza kukiandika bila kusoma. Rudi kwenye aya ya 5: mchungaji akimpata kondoo wake, humweka mabegani akifurahi. Kumbe anayefurahi kwanza ni mchungaji! Basi sala iwe hivi: "Bwana, nilidhani umechoka nami, kumbe unanibeba ukifurahi. Leo nitulie begani pako." Sala iliyotoka ndani ya aya yenyewe hukaa moyoni mchana kutwa.

Ukikosa siku, usifidie. Soma sura ya tarehe ya leo, basi. Anayelimbikiza sura nne huanza kuiona ibada kama deni, na wiki ya pili anaacha kabisa.

Sura za mateso zitaangukia tarehe 22 na 23. Zisome hivyohivyo, hata kama nje watu wanapamba. Luka anasema mtoto alivikwa nguo za kitoto akalazwa horini (2:7). Baadaye anasema mwili ulizingwa sanda ukawekwa kaburini (23:53). Ziweke aya hizo mbili pamoja, uone Krismasi ilimgharimu nini Bwana. Tarehe 24 ni sura ya ufufuo. Usiku huo ongeza 2:1–20, na kama mko wengi nyumbani, mpeni mtoto asome.

Katikati ya mwezi, mtembelee mtu mmoja. Mtoto tumboni mwa Elisabeti aliruka kwa shangwe pale Mariamu alipofika mwenyewe nyumbani (1:44), na ujumbe wa simu haufanyi kazi hiyo. Ifikapo tarehe 10 uwe umeshapanga siku na mtu wa kumtembelea: mjane, mgonjwa, au aliyeacha kuja kanisani. Kaa naye saa moja, sikiliza kuliko unavyosema, ombeni kwa ufupi.

Kama una msiba, usijilazimishe kuchangamka. Tumia Zaburi ya 13, yenye aya 6 tu: inauliza "hata lini" mara nne kabla ya kufika kwenye kushangilia. Unaruhusiwa kubaki kwenye aya mbili za kwanza siku nyingi. Huzuni ikikunyima usingizi na hamu ya kula kwa wiki mbili, au ukianza kutamani kufa, mwone daktari na mchungaji wako au padre, wote wawili, bila kungoja sikukuu ipite.

Baada ya tarehe 25 moyo huporomoka kwa kuwa watu huacha ghafla. Makanisa mengi huiadhimisha Noeli mpaka Epifania, yaani sikukuu ya Tokeo la Bwana, 6 Januari. Soma Zaburi ya 96, 97 na 98 tarehe 26 hadi 28, halafu rudi kwa Simeoni na Ana (Luka 2:25–38), wazee waliongoja miaka mingi. Tarehe 6 fungua daftari uzisome kwa sauti aya zote ulizoziandika, kuanzia ya kwanza.