PyTorch: kuandika msimbo unaokubali CPU, CUDA na MPS bila kuparaganyika

Juzi nilikaa na mwenzangu mpaka usiku tukisaka kosa ambalo halikutoa ujumbe hata mmoja. Modeli ilikuwa inajifunza, makosa yake (loss) yanapungua kama inavyotakiwa, ila kadi ya GPU inafanya kazi kwa kusuasua. Chanzo kilikuwa mstari mmoja unaolinganisha vifaa viwili. Naandika hatua zote, ingawa ya tatu ndiyo iliyonisukuma kuandika. Nachukulia PyTorch, maktaba ya Python ya kufundisha modeli, umeshaisakinisha na inaiona kadi yako. CUDA ni mfumo wa kutumia kadi za NVIDIA, MPS ni wa GPU za Mac za Apple.

Hatua ya 1: Chagua kifaa mara moja

```python
import torch

def chagua_kifaa():
    if torch.cuda.is_available():
        return torch.device("cuda", torch.cuda.current_device())
    if torch.backends.mps.is_available():
        return torch.device("mps", 0)
    return torch.device("cpu")

kifaa = chagua_kifaa()
```

Baada ya hapo neno "cuda" lisionekane tena kwenye faili zako. `.cuda()` siipendi kabisa, na nikiikuta kwenye msimbo wa mtu naifuta kabla hata ya kusalimia. Wenye kadi za AMD msihangaike kutafuta aina inayoitwa "rocm": toleo la PyTorch la ROCm (mfumo wa AMD) nalo hujitambulisha kama `cuda`.

Hatua ya 2: Hamisha modeli na data

```python
modeli.to(kifaa)
x = x.to(kifaa)
```

Modeli huhama yenyewe. Tensa (safu ya namba, kama `x`) haihami, bali inakupa nakala, kwa hiyo usisahau `x =`. Optimaiza (inayorekebisha vigezo vya modeli) iunde baada ya kuhamisha modeli.

Hatua ya 3: Kulinganisha vifaa

Hapa ndipo usiku wetu ulipoishia. Jaribu hii:

```python
>>> torch.device("cuda") == torch.device("cuda:0")
False
```

Hata kama mashine ina kadi moja tu, jibu ni hilo hilo. `torch.device` hubeba vitu viwili, aina (`type`) na namba (`index`). Ukiandika "cuda" tupu, namba inakuwa `None`, yaani kadi yoyote inayotumika kwa sasa. Lakini tensa ikishatua kwenye kadi, anwani yake inakuwa kamili: ukiiuliza `.device` inasema `cuda:0`. Basi vitu hivyo viwili havilingani, wala PyTorch haikuonyi.

Mwenzangu alikuwa ametengeneza `torch.device("cuda")`, halafu ndani ya modeli akaweka hivi:

```python
if self.barakoa.device != kifaa:
    self.barakoa = tengeneza_barakoa(urefu, kifaa)
```

Nia yake ilikuwa barakoa (mask, tensa inayoonyesha sehemu zipi za data zizingatiwe) itengenezwe upya pale tu kifaa kinapobadilika. Kumbe ilikuwa inatengenezwa upya kila hatua ya mafunzo, maelfu ya mara. Na majaribio yake kwenye laptopu yalipita yote, kwa sababu tensa ya CPU haina namba: `cpu` kwa `cpu`, mambo sawa. Kwenye MPS angeumia vilevile, maana tensa za huko husema `mps:0`.

Mwanzoni tuliilaumu DataLoader, sehemu ya PyTorch inayopakia data. Tukaiongezea wafanyakazi (workers), tukawasha `pin_memory`, wapi. Tukaanza kupima muda wa kila sehemu kwa saa ya Python, na hapo tukazidi kupotea, kwa sababu kazi za CUDA hupangwa foleni na Python inaendelea na mambo yake bila kusubiri. Usipoita `torch.cuda.synchronize()` kabla ya kusoma saa, unapima muda wa kupanga foleni. Mwishowe `torch.profiler`, zana ya PyTorch ya kupima muda wa kila operesheni, ndiyo iliyoifichua barakoa. Tungeanza nayo tungelala mapema.

Kwa hiyo jiulize kwanza unataka kujua nini. Kama ni aina tu, tumia `kifaa.type == "cuda"`. Kama ni kadi ile ile hasa, linganisha na anwani ya tensa halisi, mfano `next(modeli.parameters()).device`. Zile `"cuda" in str(kifaa)` achana nazo.

Mimi ndani ya `forward` (kazi inayopitisha data kwenye modeli) silinganishi chochote, na wala sipitishi kifaa kama hoja (argument). Nachukua `x.device` na kuunda tensa mpya hapo hapo. Kitu cha kudumu kama barakoa nakisajili kama bafa, yaani tensa ya modeli isiyofunzwa:

```python
self.register_buffer("barakoa", barakoa, persistent=False)
```

Bafa huhama pamoja na modeli. Tensa uliyoiweka kwa `self.barakoa = ...` bila kuisajili haihami, na tabaka ulizozirundika kwenye orodha ya kawaida ya Python nazo zinabaki nyuma, kwa hiyo tumia `nn.ModuleList`.

Kuna mengine mawili ya namba. `torch.autocast`, inayopunguza usahihi wa namba ili kuongeza kasi, inataka aina peke yake, hivyo mpe `device_type=kifaa.type`, ukimpa "cuda:0" atakataa. Na ukiendesha programu kwa `CUDA_VISIBLE_DEVICES=2`, kadi hiyo ndani ya programu inaitwa `cuda:0`, si `cuda:2`. Iweke kwenye terminali kabla ya kuanza, kwa sababu CUDA ikishaamka haisikii tena. Namba za `nvidia-smi` (amri ya kuorodhesha kadi za NVIDIA) pia huweza kutofautiana na za CUDA, ambayo kwa kawaida hutanguliza kadi yenye kasi zaidi. Weka `CUDA_DEVICE_ORDER=PCI_BUS_ID` zipatane.

Hatua ya 4: Kupakia modeli iliyohifadhiwa

`torch.load(njia, map_location="cpu")`, kisha `load_state_dict`, kisha `.to(kifaa)`. Daima.

Hatua ya 5: Ukiwa na MPS

MPS haina float64, na safu za NumPy za desimali kwa kawaida ni float64. Geuza kwanza, hamisha baadaye: `torch.from_numpy(a).float().to(kifaa)`. Operesheni isiyopatikana huko unaweza kuirudisha CPU kwa `PYTORCH_ENABLE_MPS_FALLBACK=1`, ila usishangae kasi ikishuka.

Hatua ya 6: Jaribu bila GPU

Hamisha nakala ya modeli na data kwenye `"meta"`, kifaa kisichobeba namba zozote za ndani ya tensa bali maumbo tu, kisha uiendeshe mara moja. Tensa iliyosahaulika CPU kwa kawaida italipuka hapo hapo. Kosa la hatua ya 3 lakini halitaonekana, kwa sababu `meta` kama CPU haina namba ya kadi. Hilo mimi nalitafuta kwa mkono:

```
grep -rnE "device *(==|!=)" .
```