Somo: Kubadilisha sensa ya mwendo ya gurudumu la nyuma kwenye Toyota Hilux

Somo hili linahusu Hilux ya ekseli nzima na breki za dramu nyuma, yaani pikapu ambayo wengi wetu tunaifahamu kwa jina la Vigo, ingawa sehemu kubwa ya maelezo inafaa kwa pikapu nyingine zenye mfumo wa ABS, yaani ule unaozuia magurudumu kujifunga unapokanyaga breki. Kazi yenyewe ni ya bolti moja na soketi moja. Kinachowagharimu watu ni kununua sensa kabla hawajathibitisha kwamba ndiyo iliyokufa, na pili ni kuing'oa ya zamani kwa nguvu mpaka ikakatikia ndani.

Sensa hiyo imechomekwa kwenye hausingi ya ekseli, upande wa ndani wa gurudumu, na ncha yake inatazama pete ya meno iliyobanwa kwenye shafti. Kila jino linapopita mbele ya ncha, sensa hupeleka ishara kwenye kompyuta ya breki, nayo kompyuta hulinganisha mwendo wa magurudumu yote manne ili ijue lipi linataka kujifunga. Ishara ya gurudumu moja ikipotea, kompyuta huzima ABS na kuwasha taa ya njano. Breki za kawaida hubaki zikifanya kazi. Hata hivyo, ikiwa taa nyekundu ya breki nayo imewaka pamoja na ile ya ABS, ujue huenda mfumo wa kugawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma nao umesimama, na pikapu isiyo na mzigo huwa nyepesi nyuma, hivyo magurudumu ya nyuma hujifunga mapema na gari likazunguka kwenye lami yenye maji.

Kuthibitisha kabla ya kununua

Soma namba za makosa kwa mashine ya kupimia inayochomekwa kwenye gari. Kwenye Toyota, C0210 ni mzunguko wa sensa ya nyuma kulia, na C0215 ni ya nyuma kushoto. C1238 na C1239, kulia na kushoto kwa mpangilio huo huo, husema kwamba ishara ipo lakini imeharibika, mara nyingi kwa sababu ya uchafu wa chuma kwenye ncha au kasoro ya pete ya meno. Tofauti hiyo ni ya maana sana, kwa kuwa sensa mpya haiponyi pete iliyopasuka. Asiye na mashine anaweza kuunganisha tundu namba 4 na namba 13 kwa kipande cha waya kwenye soketi ya kupimia iliyo chini ya usukani, kisha akafungua swichi ya ufunguo na kuhesabu mimweko ya taa ya ABS: 33 (mitatu, kituo, mitatu) ni nyuma kulia, 34 (mitatu, kituo, minne) ni nyuma kushoto. Tafadhali uhesabu matundu mara mbili kabla ya kuchomeka, kwani namba 16 ina umeme wa betri moja kwa moja. Kulia na kushoto ni kwa mtu aliyeketi kwenye kiti cha dereva akitazama mbele. Nimeona fundi mzoefu akibadilisha ya upande usiohusika kwa sababu alikuwa amesimama mbele ya bampa.

Baada ya hapo, fuata waya kwa macho na vidole, kuanzia kwenye sensa hadi soketi iliyo juu ya chesisi. Sehemu ya kuchunguza kwa subira ni pale waya unapotoka kwenye ekseli na kupanda kwenye chesisi, kwa sababu hapo hupinda kila gari linaporuka tuta. Gari moja lililotoka barabara ya Chunya lilinisumbua nusu siku: waya kwa nje ulikuwa mzima kabisa, lakini nilipoukunja kati ya vidole viwili nikahisi laini kama uzi, maana shaba ya ndani ilikuwa imekatika na ganda peke yake ndilo lililobaki.

Kisha chukua multimita. Chomoa soketi, fungua swichi, na upime upande wa waya unaotoka kwenye gari. Ukikuta umeme unaokaribia ule wa betri, sensa ni ya aina inayohitaji kulishwa umeme, na hiyo haipimwi kwa omu kabisa. Usipoukuta, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni ya koili na sumaku. Hiyo funga swichi, halafu pima omu kati ya pini zake mbili. Nyingi huwa kati ya 800 na 2,500, lakini kipimo ninachokiamini zaidi ni cha kulinganisha na sensa ya upande wa pili. Tikisa waya wakati unapima. Namba ikirukaruka au kupotea, umempata mwizi. Pima pia kila pini dhidi ya bodi, ambapo hapatakiwi kuwa na muunganiko wowote.

Kazi yenyewe

Egesha gari mahali tambarare, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, legeza nati za gurudumu likiwa bado chini, kisha liinue na ulikalishe juu ya stendi. Jeki peke yake haitoshi kwa mtu anayeingiza kichwa chini ya ekseli. Toa gurudumu, dramu halifunguliwi.

Osha eneo lote linalozunguka sensa kwa brashi na maji, na ulikaushe, kwa sababu tope lililoganda pale ndilo litakalodondoka ndani ya tundu utakapoichomoa. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye bolti na kwenye ukingo wa sensa, halafu nenda kanywe chai. Robo saa haitoshi kwa gari lililowahi kufanya kazi karibu na bahari. Ukirudi, fungua bolti kwa boksi namba 10, ukiikaza kidogo kwanza ili kuvunja kutu, ndipo uilegeze.

Sasa sensa. Usiivute kwa waya, na usichokonoe upande mmoja kwa bisibisi. Shika sikio lake, yaani kile kipande chenye tundu la bolti, kwa koleo na uizungushe kidogo kushoto na kulia, nyuzi chache tu, ukiongeza mafuta, mpaka uhisi imeanza kuteleza. Hapo ndipo uivute huku ukiendelea kuizungusha. Ikitoka, itazame ncha: unga wa chuma ulioganda kama masizi ni dalili kwamba kuna kitu kinasagika humo ndani. Ziba tundu kwa kitambaa safi mara moja.

Safisha uso wa tundu kwa msasa laini bila kuacha vumbi liingie. Linganisha sensa mpya na ya zamani kwa urefu wa waya, umbo la soketi na pembe ya sikio, kwa kuwa ya kulia na ya kushoto kwa kawaida hazifanani. Paka mafuta mepesi kwenye mpira wake wa duara tu, ncha ibaki kavu. Isukume kwa mkono hadi sikio likae bapa bila uwazi. Usiivute iingie kwa kukaza bolti. Bolti yenyewe haihitaji zaidi ya nyutonimita 8 hivi, yaani mkono mmoja bila kujikakamua. Rudisha waya kwenye vibanio vyake vyote vya awali, ukiacha ulegevu wa kutosha ekseli iweze kushuka.

Funga gurudumu, futa makosa, na uendeshe gari taratibu hadi livuke kilomita 20 kwa saa, kwani baadhi ya kompyuta hazizimi taa mpaka zione magurudumu yakizunguka.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Kahama: Mwalimu, nimefunga sensa mpya, taa ikazima, lakini baada ya kilomita mbili imerudi. Je, nimeuziwa mbovu?*

Inawezekana, lakini anza kwa kusoma kosa upya. Likiwa C1238 au C1239, angalia kama sensa imekaa bapa, kisha shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, beringi imechoka na nafasi kati ya ncha na meno inabadilika. Beringi ikiwa nzima, shafti itolewe pete ikaguliwe.

*Mwanachama, Mombasa: Waya umekatika karibu na ekseli. Naweza kuuunga badala ya kununua sensa nzima?*

Sehemu inayopindapinda haiungwi, ndugu yangu. Kiungo kitakatika tena palepale. Juu kwenye chesisi, ambako waya umetulia, unaweza kuunga kwa solda na kufunika kwa mpira wa kusinyaa. Kusokota na kuzungushia utepe wa umeme hakutadumu msimu mmoja wa mvua.

*Mwanachama, Dodoma: Fundi wangu anasema aweke rezista mahali pa sensa ili taa izime.*

Taa itazima gari likiwa limesimama. Likianza kutembea, kompyuta itaona magurudumu matatu yanazunguka na moja limelala, na itawasha taa tena.

*Mwanachama, Mbeya: Shikamoo mwalimu. Sensa imekatika, ncha imebaki ndani. Nitoboe kwa drili?*

Marahaba. Hapana. Nilifanya hivyo mara moja, nikaangusha vipande ndani ya hausingi, na nikaishia kutoa shafti na kubadilisha sili kwa gharama yangu. Safisha juu ya ncha, zungusha skrubu ya mbao iingie katikati ya plastiki kwa mkono, kisha uvute skrubu kwa koleo huku ukiizungusha. Ikikataa, toa shafti na uisukume kutoka ndani kwenda nje.