Namna ya kumsaidia mtoto aanze kutambaa

Kazi yangu ni mazoezi tiba ya watoto hapa Tanga, na swali ninaloulizwa sana na akina mama ni hili: "Mwanangu ana miezi minane, anakaa vizuri, mbona hatambai?" Nikiuliza anashinda wapi kutwa, naambiwa mgongoni, mapajani kwa bibi, au kwenye kochi akizungushiwa mito. Chini hawekwi. Atatambaa saa ngapi?

Kuhusu umri, usijilinganishe na jirani. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa 2006 ulionyesha kuwa watoto wenye afya huanza kutambaa kwa mikono na magoti popote kati ya miezi 5 na miezi 13 na nusu. Kama wanne katika kila mia hawakupita hatua hiyo kabisa. Wapo wanaosota kwa makalio, wapo wanaoburura tumbo, na wapo wanaoshika kiti wakasimama.

1. Tayarisha sakafu. Tandika mkeka wa ukindu au jamvi. Godoro halifai, mtoto anazama na hapati pa kujisukumia. Mkeka wa plastiki juu ya vigae unateleza, na ukiutandikia kanga ndiyo balaa, kanga inajikunja chini ya magoti. Joto letu hapa lina faida yake: mwache na nepi tu, maana ngozi ya goti inashika sakafu kuliko suruali.

Kisha lala chini mwenyewe uangalie kwa usawa wa macho yake. Utaona sarafu, kokwa la ubuyu, betri ya rimoti, waya wa chaja. Jiko la mkaa, chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa na ndoo ya maji viondoke kabisa. Ndoo naisisitiza, hata yenye maji kidogo, kwa kuwa mtoto akitumbukia kichwa hawezi kujinasua.

2. Mlaze kifudifudi akiwa macho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 unataka mtoto ambaye bado hajaanza kujisogeza apate angalau dakika 30 kwa siku, zikigawanywa. Dakika mbili tatu kila unapombadilisha nepi zinatosha kuanzia. Asiwe ametoka kunyonya, atacheua. Na akisinzia mgeuze, kulala ni chali.

Hapa ndipo bibi atakaposema unamtesa mjukuu wake. Mpe bibi kazi: alale mbele ya mtoto, uso kwa uso, amwimbie. Asipovumilia, kunja kanga iwe roli nyembamba uipitishe chini ya kifua, mikono yake itokeze mbele.

3. Mfanye azunguke. Usiweke kitu mbele yake moja kwa moja, kiweke ubavuni, karibu na kiuno. Upawa safi au kopo la plastiki vinatosha. Atajizungusha kwa tumbo kukifuata, leo kulia, kesho kushoto. Kisiwe mbali mno, akikosa mara nyingi atalia na mchezo umekwisha.

4. Kutoka kukaa kwenda magotini. Wengi wanakwama hapa, kwa hiyo nenda polepole. Kaa chini, nyosha mguu mmoja, mkalishe mtoto ubavuni mwa paja lako. Weka upawa ng'ambo ya paja. Ataegemea, atapitisha mikono na kuiweka viganja chini, tumbo likiwa juu ya paja na magoti yakibaki upande wa pili. Umemweka tayari kwenye mkao wa kutambaa. Mshike nyonga, ukimvuta mikono unamnyima kazi ya mabega.

Akishazoea, ondoa paja. Utamwona ameganda kwa mikono na magoti, anajisukasuka mbele na nyuma. Akina mama hucheka na kumnyanyua. Tafadhali mwache, kwani hapo anajifunza kuhamisha uzito wake.

5. Akirudi nyuma. Ni kawaida, mikono imetangulia miguu kwa nguvu. Weka kiganja chako nyuma ya nyayo zake, kitulie kama ukuta, usimsukume. Ngoja. Akikanyaga kiganja mwili utakwenda mbele wenyewe.

Kigari cha magurudumu cha kumtembeza sikikubali hata kikiwa zawadi ya shangazi. Mtoto anakanyagia vidole, mikono haina kazi, na kwa kasi ile anafika jikoni kabla yako. Canada ilivipiga marufuku 2004.

Nenda kliniki bila kungoja ukiona anatumia upande mmoja tu wa mwili, amelegea sana au amekakamaa, hajaweza kukaa bila kushikwa akitimiza miezi tisa, hajahama hapo alipo kwa namna yoyote akifikisha mwaka, au ameacha jambo alilokuwa akiliweza. Ikibidi utaandikiwa rufaa kwenda Bombo, hospitali ya mkoa hapa Tanga. Chukua kadi yake, na umpige video kwa simu akiwa nyumbani mkekani, maana wengi wakifika kwa daktari hulia tu na hawaonyeshi chochote.