Kuiwasha modemu ya zamani na kuipigisha simu, hatua kwa hatua

Modemu ya laini ya simu, kifaa kinachogeuza data kuwa milio ya kupita kwenye simu, hujibu. Ukiiandikia amri inarudisha neno, na neno hilo karibu kila mara linakuonyesha tatizo liko wapi. Ndiyo maana hatutaanza na intaneti. Tutaanza kwa kuzungumza nayo wenyewe, na kila kiungo tutakihakikisha kabla ya kwenda kinachofuata: kompyuta na modemu, modemu na laini, kisha modemu na modemu. Wengi hukwama kwa kuunganisha vyote kwa mkupuo mmoja, halafu hawajui walaumu kipi.

Hatua ya 1: Chagua modemu inayofaa

Tafuta modemu ya nje, yenye tundu la siriali la pini 25 au 9 na taa mbele. Zile za ndani za mwishoni mwa miaka ya 1990 ziwe chaguo la mwisho: nyingi ziliachia sehemu kubwa ya kazi kwa prosesa ya kompyuta, na bila draiva yake ya enzi ile hazifanyi lolote.

Kabla ya kuchomeka umeme, soma kibandiko kilicho chini ya kifaa. Modemu nyingi za nje hutaka adapta inayotoa AC, wakati adapta karibu zote ulizonazo nyumbani hutoa DC. Plagi kuingia vizuri si ushahidi kwamba adapta ni sahihi. Linganisha aina ya umeme, volti na ampea.

Hatua ya 2: Kebo

Unahitaji kebo ya siriali iliyonyooka. Ipo nyingine inayofanana nayo kabisa kwa nje, ya kuunganisha kompyuta mbili, ambayo nyaya zake za kutuma na kupokea zimepishanishwa. Hiyo hapa haifai. Vilevile epuka kebo zenye nyaya tatu tu, kwa sababu modemu na kompyuta huambiana "subiri" na "endelea" kupitia nyaya za RTS na CTS. Zikikosekana, data hupotea pindi kasi inapopanda.

Kompyuta isiyo na tundu la siriali itatumia kigeuzi cha USB. Kwenye Linux kitaonekana kama `/dev/ttyUSB0`. Kwenye Windows kitapewa namba ya COM, mfano COM3. Ukikataliwa ruhusa kwenye Debian au Ubuntu, jiweke kwenye kundi la dialout, kisha toka na uingie upya:

`sudo usermod -aG dialout $USER`

Hatua ya 3: Iamkie

Unahitaji programu ya kuandikiana na modemu kupitia tundu la siriali. Kwenye Windows tumia PuTTY. Kwenye Linux mimi hupendelea picocom kwa sababu haina mambo mengi:

`picocom -b 115200 -f h /dev/ttyUSB0`

Hiyo `-f h` ndiyo inayowasha RTS na CTS. Kwa modemu za kale zaidi, zile za biti 2400 kwa sekunde, shusha 115200 hadi 9600 au 2400. Sasa andika `AT`, bonyeza Enter, usubiri `OK`.

Amri hizi zilitoka kwenye Hayes Smartmodem ya mwaka 1981, na karibu kila modemu iliyofuata ilizirithi. Herufi A na T hazikuwekwa mwanzoni bure: kwa kuzipima, modemu hutambua kompyuta inazungumza kwa kasi gani. Ukipata herufi za ajabu, badilisha kasi. Ukipata ukimya, andika bila kujali skrini haionyeshi kitu:

`ATE1Q0V1`

Amri hiyo huirudishia modemu mwangwi wa unachoandika na majibu ya maneno. Ikibaki kimya hata hivyo, rudi kwenye kebo. Usiguse laini ya simu mpaka umeona `OK`. Kisha andika `AT&F` kurudisha mipangilio ya kiwandani, na `ATI3` au `ATI4`, ambazo kwa modemu nyingi hutaja jina au toleo.

Hatua ya 4: Laini

Chomeka waya wa simu kwenye tundu lililoandikwa LINE, si PHONE. Usiichomeke kwenye laini ya kidijitali ya simu za ofisini, kwa kuwa inaweza kuiunguza, na ing'oe kukiwa na radi. Kisha:

`ATM2H1`

Modemu inanyanyua simu na spika inabaki wazi, hivyo utausikia mlio wa laini kwa masikio yako. `ATH0` inakata; `ATM1` inarudisha spika katika hali yake ya kawaida.

Kama huna laini ya shaba, kigeuzi cha simu za intaneti kinaweza kutosha, ila mipangilio yake ndiyo roho ya jambo hili. Chagua kodeki (njia ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711. G.729 hubana sauti ya mtu vizuri, lakini huharibu milio ya modemu kabisa. Zima kiondoa mwangwi na kizuia ukimya. Kisha punguza tamaa ya kasi: `AT+MS=V22B`, kwa modemu zinazoielewa, huibakisha kwenye biti 2400, na muunganisho wa 2400 usiokatika ni bora kuliko wa 28800 unaodumu dakika moja.

Hatua ya 5: Piga

AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, ilifunga huduma yake ya intaneti ya kupiga simu tarehe 30 Septemba 2025, na watoa huduma wengine wengi waliitangulia. Njia ya uhakika ni kuwa na modemu mbili, kila moja kwenye tundu lake la kigeuzi cha simu za intaneti chenye matundu mawili ya simu. Kwenye ya kupokea andika `ATS0=1`, ili ipokee mlio wa kwanza. Kwenye ya kupiga andika `ATDT` ikifuatiwa na namba. Mkato kati ya tarakimu ni kituo cha sekunde 2 hivi.

Sikiliza. Mlio mrefu wa hezi 2100 unatoka upande unaopokea, na hugeuka-geuka ili mitambo ya njiani izime viondoa mwangwi. Kisha modemu zinatajiana viwango zinavyovijua, zinaipima laini kwa milio mingi ya pamoja, na mwisho unasikia mvumo kama wa mvua. Ukijua mpangilio huu, utatambua kwa sikio zimeshindwana wapi.

`CONNECT` ikitokea, umefika. Namba inayofuata huweza kuwa kasi ya laini au ya kebo, kutegemea modemu, kwa hiyo `CONNECT 115200` haimaanishi laini yako imefanya muujiza. Modemu mbili za analogi haziwezi kupita biti 33,600 kwa sekunde; ile 56k ya kiwango cha V.90, iliyotoka 1998, huhitaji upande wa pili uwe wa kidijitali.

Ikijibu `NO DIALTONE` wakati mlio unausikia, andika `ATX3` upige tena, itaacha kuusubiri. `NO CARRIER` baada ya kusubiri sana humaanisha hazikuelewana: ongeza muda kwa `ATS7=90`, au shusha kasi pande zote mbili.

Hatua ya 6: Tumia

Unachoandika upande mmoja sasa kinatokea upande wa pili. Kurudi kwenye amri bila kukata, nyamaza sekunde moja, andika `+++` bila Enter, nyamaza tena. `ATO` inakurudisha kwenye mazungumzo, `ATH` inakata.

Kutuma faili, sakinisha lrzsz, programu za kuhamisha faili ambazo picocom huzitumia, pande zote. Anayepokea abonyeze Ctrl-A kisha Ctrl-R, anayetuma Ctrl-A kisha Ctrl-S na kutaja faili. Megabaiti moja kwa 33,600 huchukua kama dakika nne.

Ukitaka mtandao kamili, andika `AT&D0` pande zote kabla ya kupiga, na baada ya `CONNECT` toka picocom kwa Ctrl-A, Ctrl-Q. Kisha washa pppd, programu inayopitisha mtandao juu ya laini hiyo. Upande wa kwanza:

`sudo pppd /dev/ttyUSB0 115200 crtscts local noauth nodetach 10.0.0.1:10.0.0.2`

Upande wa pili:

`sudo pppd /dev/ttyUSB0 115200 crtscts local noauth nodetach noipdefault`

Kwenye upande wa pili, jaribu `ping 10.0.0.1`. Ukimaliza, kumbuka kwamba kwa `AT&D0` kufunga programu hakukati simu. Fungua tena picocom, andika `+++`, kisha `ATH`, la sivyo laini itabaki wazi na gharama ya simu itaendelea.