Kupanda sukuma kwa gunia ukiwa na paka na mbwa hapo nyumbani

Mara mbili nimepanda sukuma wiki na mara mbili paka wangu akaing'oa yote. Naishi Umoja, mtaa wa Eastlands hapa Nairobi, nyuma ya nyumba tuko na kauwazi kadogo, na asubuhi moja nikatoka na kikombe cha chai nikapata miche imelala kando mizizi juu, udongo umetapakaa hadi mlangoni, na pale katikati ya gunia kashimo kamefukiwa vizuri kabisa. Hapo ndio nikaelewa. Paka hana ubaya na mboga yako, ni vile udongo laini uliokauka ndio choo anachokijua. Kwa hivyo tunaanza na yeye, sukuma baadaye.

Hatua ya 1: Choo ya paka
Tafuta beseni nzee, weka mchanga wa mjengo uliochungwa, iweke kona yenye hakuna watu wanapita pita. Toa uchafu kila siku, kila siku kabisa, kwa sababu paka anaweza kubeba kimelea kinaitwa toksoplazma na mayai yake huchukua siku moja hadi tano ndio yaanze kuambukiza, na mama mjamzito asishike hiyo kazi kama kuna mtu mwingine wa kuifanya. Huo uchafu usiweke kwa mboga wala kwa mbolea unayoozesha. Ya mbwa pia hapana, ina minyoo.

Hatua ya 2: Gunia
Nunua gunia tupu la kilo 90 kwa duka la nafaka. Huku Eastlands udongo wetu mwingi ni ule mweusi, ukinyesha unanata na jua likiwaka unapasuka, kwa hivyo changanya debe mbili za udongo, debe moja ya samadi na nusu debe ya mchanga. Samadi iwe imeoza mpaka haina harufu, mbichi inachoma mizizi na mbwa ataifukua aile.

Sasa hapa usiharakishe. Chukua mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili, kata kitako, usimamishe katikati ya gunia na uujaze kokoto. Jaza udongo pande zote mpaka ufike karibu na mdomo wa mkebe, halafu vuta mkebe juu polepole, kokoto zinabaki zimesimama, unaongeza zingine, unaongeza udongo, unavuta tena, hivyo hivyo mpaka juu. Ukimaliza una nguzo ya mawe ndani ya gunia na maji ukimwaga hapo yanafika hadi chini, bila hiyo nguzo juu panaoza na chini panakauka.

Egemeza gunia kwa ukuta na ulifunge na miti, mbwa akicheza akaligonga lisianguke. Zungushia waya ya kuku mpaka kiunoni ndio asikojolee majani ya chini.

Hatua ya 3: Miche
Kama ndio unaanza achana na mbegu, nunua miche ya wiki nne hivi kwa wale wa kando ya barabara. Panda jioni. Toboa gunia pembeni, tundu na tundu shubiri moja na nusu, sukuma mzizi ndani na ushindilie kwa kidole. Juu weka miche mitatu tu, kisha funika udongo wote na mawe ya ngumi na vijiti, pasibaki mahali paka anaweza kuweka mguu akachimba. Hii ndio iliokoa yangu.

Hatua ya 4: Maji
Mfereji wetu hauji kila siku, kwa hivyo naweka mtungi wa lita 20 kando, na maji ya kuosha mchele na mboga yanaenda huko pia. Ingiza kidole kwa udongo, ukipata unyevu acha.

Hatua ya 5: Wadudu
Vidukari wakiingia, lita moja ya maji na kijiko kimoja cha sabuni ya maji, nyunyiza chini ya majani jioni. Konokono okota usiku na tochi. Tafadhali usinunue zile chembechembe za sumu ya konokono, mbwa huzipenda na zinaua, mimi niliuziwa bila kuambiwa chochote na nilibahatika kusoma pakiti kabla sijafungua. Kitunguu na kitunguu saumu pia ni sumu kwa paka na mbwa, panda mahali hawafiki. Dania haina shida.

Baada ya wiki nne hadi sita unaanza kuvuna, majani ya chini kwanza, unaacha manne matano ya juu, na unaosha vizuri. Na paka akianza kutafuna sukuma, mwagia punje za ngano nzima kwa mkebe wenye udongo, wiki moja tu ana nyasi yake, ikiisha unamwagia zingine.