Namna ya Kuandaa Tamasha la Vitabu Mtaani, Dar es Salaam

Anayetaka kuandaa tamasha la vitabu katika mtaa wake, iwe ni Sinza, Tabata au Mbagala, aamue jambo moja kabla hajatafuta ukumbi wala mfadhili: ni vitabu gani vitasomwa mbele za watu, na nani atakayevisoma. Mambo mengine yote, kuanzia viti na maturubai hadi mshereheshaji, yapangwe kwa kufuata uamuzi huo. Matamasha mengi hupotea njia pale usomaji unapobanwa mwishoni, baada ya hotuba, wakati nusu ya watu wameshaondoka.

Tarehe ichaguliwe kwa makini. Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, huadhimishwa Julai 7, siku ambayo kwetu ni Sabasaba na watu wengi hawaendi kazini. Isitoshe, ni majira ya kipupwe, kwa hiyo uwanja wa shule ya msingi unafaa bila hofu kubwa ya mvua. Hata hivyo, Barabara ya Kilwa hujaa watu na magari yanayoelekea kwenye maonyesho ya biashara, na waandaaji wa upande wa Temeke na Mbagala watafanya vyema kusogeza shughuli yao hadi Jumamosi ya baada ya maonyesho hayo kufungwa. Siku ya Vitabu na Hakimiliki Duniani, yaani Aprili 23, nayo ni tarehe nzuri, ila inaangukia katikati ya masika, na vitabu haviwekwi chini ya turubai linalovuja. Anayeitaka siku hiyo atafute ukumbi wenye paa imara.

Barua ya kuomba ruhusa ipelekwe mapema katika ofisi ya serikali ya mtaa, ikitaja siku, saa, mahali, idadi ya watu wanaotarajiwa na matumizi ya vipaza sauti. Mwenyekiti na mtendaji ndio watakaoeleza iwapo zipo taratibu nyingine za kufuatwa. Ratiba nayo iache nafasi ya sala ya alasiri, maana bila nafasi hiyo watu watanyanyuka katikati ya usomaji, na watakuwa na haki.

Sasa tuje kwenye usomaji wenyewe, ambao kwa maoni yangu unastahili maandalizi kuliko jambo lolote jingine. Mwandishi aombwe kuchagua kurasa tatu hivi za riwaya au hadithi yake, ambazo kwa sauti ya utulivu humchukua karibu dakika kumi. Sehemu yenye mazungumzo ya wahusika hushika masikio kuliko maelezo marefu ya mandhari. Kurasa hizo ziwekewe alama ya karatasi mapema, na mwandishi ajaribu maiki kabla watu hawajafika, kwa sababu wengi huinamia kitabu na sauti ikaishia kifuani. Washairi wapewe nafasi ya kughani badala ya kusoma tu. Shairi la tarbia, yaani la mistari minne katika kila ubeti, lenye kibwagizo lina nguvu ya pekee mbele ya umati: malenga akikitamka kibwagizo polepole katika beti mbili za mwanzo, kufikia ubeti wa tatu hadhira hukipokea yenyewe, na hata aliyekuja kununua maji tu husogea karibu. Hapo tamasha linakuwa la wenyeji kweli.

Mwendesha mazungumzo lazima awe amekisoma kitabu chote. Maswali mazuri hutoka katika ukurasa fulani, tendo fulani la mhusika, au chaguo fulani la mwandishi. Swali la jumla kuhusu changamoto za uandishi humfanya mgeni arudie majibu aliyokwisha kuyatoa mara nyingi. Wanafunzi waonao haya kusimama wagawiwe vipande vya karatasi waandike maswali yao. Na ikiwa diwani au kiongozi mwingine amealikwa kuwa mgeni rasmi, aombwe kwa adabu asome ukurasa mmoja wa kitabu anachokipenda badala ya kutoa hotuba ndefu. Wapo watakaolipokea ombi hilo kwa furaha, na watoto watamwona kiongozi wao akisoma.

Watoto watandikiwe mkeka pembeni, mbali kidogo na spika, wapate msimulizi wao wa kuwaanzia kwa paukwa na pakawa, kisha awasomee kitabu chenye picha huku akiwaonyesha kila ukurasa.

Vitabu vya kuuza vichukuliwe kwa wachapishaji na wenye maduka ya vitabu kwa mali kauli, yaani vinavyouzwa hulipiwa na vinavyobaki hurudishwa. Kila nakala ihesabiwe na orodha isainiwe na pande zote mbili. Bei iandikwe kwenye kadi mbele ya kila kitabu, chenji ndogo iandaliwe, na lipa namba ibandikwe mahali panapoonekana, kwa kuwa watu wengi jijini hawatembei na fedha taslimu. Meza iwe jirani na kiti cha mwandishi ili mnunuzi apate saini papo hapo. Kutoa fotokopi za kitabu na kuwagawia wahudhuriaji ni kumnyang'anya mwandishi riziki yake katika siku ileile aliyoalikwa kuheshimiwa. Hata kurasa mbili zisinakiliwe bila idhini yake. Nauli yake pia ilipwe siku hiyohiyo, bila kumsubirisha.

Kabla watu hawajatawanyika, itangazwe tarehe na mahali pa kikao cha kwanza cha kikundi cha wasomaji wa mtaa, pamoja na jina la kitabu kitakachojadiliwa, na wanaotaka kujiunga waandike majina na namba zao hapohapo mezani. Hesabu ya mauzo ifungwe ndani ya wiki hiyo, vitabu vilivyobaki virudishwe vikiwa safi, na bajeti ikiruhusu, nakala chache zinunuliwe kwa ajili ya maktaba ya shule iliyotoa uwanja wake.